Mbwa Anayeshika Asile: Safari ya Ritriva kutoka Boti za Wavuvi hadi Mashamba ya Mabwana

Wahenga wa pwani walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Kwa kawaida methali hii tunaitumia kumtia moyo mtu aliyekaribia mwisho wa taabu yake. Leo tunaomba tuichukue kwa maana yake ya wazi kabisa, yaani mbwa, maji na ufuko, kwa sababu historia tunayotaka kuwasimulia ilianzia hapo hapo ufukoni, kwa wavuvi masikini, kabla haijaingia katika mashamba ya mabwana wa Uingereza. Ni historia ya ritriva, mbwa anayefunzwa kumwendea ndege aliyeangushwa kwa bunduki, kumwokota na kumleta mkononi mwa mwindaji bila kumdhuru.

Tunajua wapo watakaoguna. Mbwa tena? Wengi wetu tumelelewa katika nyumba ambazo mbwa hukaa nje, na akilamba chombo, chombo huoshwa mara saba. Hatukusudii kubishana na malezi hayo. Lakini sisi tunaoishi huku ughaibuni hatuwezi kukatiza bustani yoyote ya mji bila kukutana na Labrador au Golden Retriever, na watoto wetu wanawatambua kwa haraka kuliko wanavyotambua kanga na kwale. Si vibaya tukajua wametoka wapi.

Siku moja Perthshire

Tulikuwa wanafunzi watatu wa uhandisi huko Scotland mwanzoni mwa miaka ya 1990, wawili kutoka Dar es Salaam na mmoja kutoka Unguja. Posho ilikuwa haifiki mwisho wa mwezi. Desemba moja mwenzetu wa darasani, mwenyeji wa Perthshire, akatuambia kwamba shamba moja jirani na kwao linatafuta vibarua wa kufurusha ndege. Kazi yenyewe ni kusimama mstari mmoja, fimbo mkononi, na kupita vichakani mkipiga kelele ili ndege waruke kuelekea kwa wenye bunduki. Ujira ni fedha kidogo na jozi ya ndege. Tulikwenda tukiwa na viatu vya mjini, na mpaka saa sita mchana miguu ilikuwa imekufa ganzi.

Ndege waliokuwa wakiwindwa ni fesanti, jamaa wa kwale na kuku, mwenye mkia mrefu. Mmoja alipigwa bawa, akaanguka, akainuka na kukimbilia ndani ya miiba. Mlinzi wa mawindo wa shamba lile alikuwa na Labrador jike mweusi aliyekaa kando ya mguu wake. Mbwa yule aliona kila kitu, mwili ukamtetemeka, lakini hakuondoka. Mlinzi alingoja mpaka bunduki zikanyamaza, ndipo akataja jina lake mara moja tu. Mbwa akaruka, akazama mibani. Tukasubiri kwa muda. Alipotoka alikuwa amembeba fesanti mdomoni, na fesanti ameinua kichwa, macho wazi, yu hai. Mbwa akaketi mbele ya bwana wake na kumtoa ndege taratibu mkononi. Bawa lilikuwa limevunjika kwa risasi, lakini hapakuwa na jeraha la jino hata moja.

Mwenzetu wa Unguja akaomba apewe yule ndege. Akatoa kisu kidogo, akasoma bismillahi, akamchinja. Mlinzi alitutazama, akauliza kulikoni, nasi tukamweleza. Hakusema kitu kwa kitambo. Halafu akatuambia kwamba watakaorudi wakiwa hai siku ile ataleta kwetu. Alileta wanne. Usiku ule jiko la bweni letu lilinukia pilau, na Waskoti wa chumba cha pili walikuja na sahani zao.

Kwenye treni ya kurudi, mwenzetu alitusimulia kwamba marehemu babu yake alikuwa msasi. Huko Unguja wasasi hutoka na mbwa wao kuwawinda nguruwe mwitu wanaoharibu mihogo na mashamba, na wanakijiji huwashukuru. Akatukumbusha pia habari ya Adi bin Hatim, sahaba aliyemwuliza Mtume kuhusu kuwinda kwa mbwa. Jibu alilopewa ni kwamba mbwa aliyefunzwa, akitumwa kwa jina la Mungu, alichokikamata kwa ajili ya bwana wake huliwa. Lakini mbwa akianza kula mwenyewe, basi kiachwe, kwa kuwa amejikamatia nafsi yake. Msingi wa hukumu hiyo umo katika Sura ya Al-Maida, aya ya nne. Kwa hiyo suala la mbwa anayeshika asile, kwetu sisi lilikuwa limekwisha kujadiliwa karne nyingi kabla Labrador hajapata jina.

Hata hivyo swali lilitukaa: mnyama mla nyama anawezaje kuibeba nyama hai mdomoni asiitafune? Na nani alimfunza? Tangu siku ile tumekuwa tukisoma habari hizi kila tulipopata nafasi, na haya ndiyo tuliyoyakuta.

Gobore lilipobadilika

Katika karne ya 18 mwindaji wa Kiingereza alitembea na bunduki ya gumegume, iliyoshindiliwa baruti na marisau kupitia mdomoni kama yalivyo magobore ya kwetu. Mbwa wake mkuu alikuwa mwonyeshaji, Pointer au Setter, ambaye hunusa kwale majanini kisha husimama kama sanamu, au hujilaza chini, mpaka bwana afike. Ndege mmoja au wawili wakianguka, waliokotwa bila haraka, maana kushindilia upya kulichukua muda.

Mwaka 1807 mchungaji mmoja wa Scotland, Alexander Forsyth, alipata hataza ya njia mpya ya kuwasha baruti kwa kemikali inayolipuka ikigongwa. Ndege walikuwa wakiuona mmweko wa gumegume na kukwepa, na yeye alichoshwa na hilo. Kutokana na wazo lake zikaja fataki. Kisha Mfaransa Casimir Lefaucheux akatengeneza bunduki inayokunjika katikati na kupakiwa kwa nyuma, na ilipoonyeshwa katika Maonyesho Makuu ya London mwaka 1851, mafundi wa Kiingereza waliidaka. Sasa mtu aliweza kupiga, kukunja, kupakia na kupiga tena kwa muda wa pumzi chache.

Sisi wahandisi tunajua jambo moja: ukiongeza kasi ya mashine moja kiwandani, foleni huhamia hatua inayofuata. Ndivyo ilivyotokea mawindoni. Mabwana waliacha kutembea, wakawa wanasimama mahali pamoja na ndege wakafurushwa kuwapitia juu. Wakaanza kufuga fesanti kwa wingi ili wapate wa kupiga. Reli nayo ilipofika Inverness moja kwa moja kutoka Perth mwaka 1863, matajiri wa kusini walimiminika kwenye milima ya Scotland kila msimu. Ndege wengi wakawa wanaanguka kwa dakika chache, wengine mtoni, wengine vichakani, na waliojeruhiwa wakikimbia. Mbwa mwonyeshaji hakufunzwa kazi hiyo. Alihitajika mbwa wa kuleta.

Mbwa wa wavuvi

Mbwa huyo alikuwa tayari yupo, ila hakuwa wa mabwana. Alikuwa ng'ambo ya Atlantiki, katika kisiwa cha Newfoundland, ambacho tangu mwaka 1949 ni sehemu ya Kanada. Wavuvi wa huko waliishi kwa yule samaki mweupe ambaye Waingereza humkaanga na kumla kwa chipsi. Walikuwa na mbwa weusi wa kimo cha kati, wenye manyoya mafupi yaliyosongamana yasiyoshika maji, mkia mnene na moyo wa kupenda kuogelea hata kwenye maji ya barafu. Waliitwa mbwa wa St. John's, kwa jina la bandari kuu. Samaki akichomoka kwenye ndoana karibu na boti, mbwa alijitosa na kumleta. Kamba ikielea, mbwa aliileta. Ni wazi kwamba mbwa aliyetafuna samaki hakuwa na faida kwa mvuvi, kwa kuwa samaki yule alikuwa ni mshahara. Kwa hiyo vizazi kwa vizazi waliohifadhiwa na kuzalishwa ni wale walioshika bila kuharibu.

Meli za biashara ya samaki zilitia nanga Poole, katika jimbo la Dorset, na baadhi ya mbwa walishuka nazo. Kanali Peter Hawker, ambaye kitabu chake cha kuwaelekeza wawindaji vijana kilitoka mara ya kwanza mwaka 1814, aliwasifu sana. Karibu na hapo palikuwa na shamba la ukoo wa Malmesbury, lenye mabwawa na bata mwitu wengi. Earl wa tatu wa Malmesbury, aliyepata kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza mara mbili, aliwatunza mbwa hao bila kuwachanganya kadiri alivyoweza. Katika miaka ya 1880 aliwapa ukoo wa Buccleuch wa Scotland mbwa kadhaa, wakiwamo Ned, aliyezaliwa mwaka 1882, na Avon, wa mwaka 1885. Labrador wengi wa leo, pamoja na yule aliyetuletea fesanti Perthshire, nasaba yao inapitia kwa hao wawili.

Mwaka 1903 chama kikuu cha mbwa cha Uingereza kiliwatambua rasmi kwa jina la Labrador. Hata jina si lao, maana Labrador ni nchi kavu iliyo kaskazini mwa kisiwa chao. Majina ya mabwana yameandikwa, na majina ya mbwa vilevile. Majina ya wavuvi waliomwumba mbwa huyu hayamo.

Daftari la Guisachan

Kuhusu Golden Retriever ipo hadithi iliyoaminiwa kwa miaka mingi, kwamba bwana mmoja alikwenda kutazama sarakasi mjini Brighton, akavutiwa na mbwa wa Kirusi, akawanunua wote. Ni hadithi tamu, lakini si kweli. Mwaka 1952 yalichapishwa maelezo kutoka katika daftari la mabanda ya mbwa ya Guisachan, huko milimani magharibi ya Inverness, mali ya Dudley Marjoribanks, ambaye baadaye alikuja kuwa Lord Tweedmouth. Daftari lilikuwa na kumbukumbu za tangu 1835 hadi 1890. Linaonyesha kwamba mwaka 1865 alimnunua Brighton mbwa mmoja wa rangi ya njano aitwaye Nous, na mwaka 1868 akamkutanisha na Belle, spanieli wa majini kutoka mto Tweed. Watoto wa njano waliozaliwa ndio mwanzo wa ukoo mzima.

Kwa hiyo mistari michache ya wino iliifuta hadithi nzima. Nyumba ya Guisachan leo ni gofu lisilo na paa, lakini mwaka 2018, ilipotimia miaka 150 tangu uzao ule, mamia ya mbwa wa aina hiyo na wenyewe wao walikusanyika mbele ya gofu hilo.

Namna anavyofunzwa

Zamani Waingereza hawakusema kumfunza mbwa, walisema kumvunja, na wengi walimvunja kweli kwa mjeledi. Mwaka 1848 ofisa wa jeshi aitwaye W. N. Hutchinson alitoa kitabu kilichoibakiza lugha hiyo katika jina lake lakini kikafundisha kinyume chake. Alitaka mfunzaji azuie hasira, asibadilishe neno wala ishara, awe na subira, na asifu na kukemea kwa wakati unaostahili. Mengi ya hayo ndiyo yanayofuatwa hadi leo.

Kazi huanza mbwa akiwa bado mtoto. Hurushiwa soksi iliyoviringwa katika ujia mwembamba wa nyumba, ili akishaiokota asiwe na pa kwenda isipokuwa kurudi kwako. Kosa kubwa ni kumkimbiza. Ukimkimbiza umemfundisha mchezo wa kutoroka na kitu chako. Kosa la pili ni kumpokonya. Akifika, mpapase kwanza, mwache ajivunie alichobeba, halafu kipokee pole pole. Anayepokonywa kila mara hujifunza kubana meno, na mbwa mwenye mdomo mgumu huhesabiwa kuwa ameharibika. Katika mashindano ya ritriva mwamuzi hupapasa mbavu za ndege aliyeletwa, na zikiwa zimebonyezwa na meno, mbwa huyo ametoka.

Baada ya hapo huja kukaa na kungoja. Hili ndilo somo refu kuliko yote. Mfunzaji hurusha kidude cha turubai chenye uzito wa karibu nusu kilo, kisha anakwenda kukiokota mwenyewe huku mbwa ameketi. Mbwa lazima aelewe kwamba si kila kinachoanguka ni chake. Filimbi nayo huingia: mlio mmoja mrefu, simama na unitazame, milio mifupi ya mfululizo, rudi. Filimbi za plastiki za kazi hii hutengenezwa kwa namba maalumu za sauti, ili ukipoteza moja ununue nyingine ya namba ile ile na mbwa asione tofauti. Kisha hufunzwa kuelekezwa kwa mkono: kulia, kushoto, nyuma. Mlio wa bunduki huanzia mbali, na husogezwa siku baada ya siku. Mwisho kabisa hupewa ndege aliyekwisha kufa na kupoa, na ndipo hupelekwa mawindoni.

Wataalamu wa tabia za wanyama hueleza kwamba uwindaji wa mbwa mwitu ni mnyororo: kutafuta, kunyemelea, kukimbiza, kudaka, kuua, kula. Kwa ritriva, uzazi wa kuchagua umeulegeza mnyororo huo baada ya kudaka. Mafunzo huikamilisha kazi iliyoanzwa na uzazi. Mwalimu mzuri hawezi kumfanya kila mbwa awe ritriva, na ritriva mzuri bila mwalimu ni mwizi wa soksi tu. Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Tunadhani mbwa wa msasi mpole naye huwa mpole.

Upole huo ulipata kazi nyingine. Wakati mbwa wanne wa kwanza wa kuongoza wasioona walipohitimu Uingereza mwaka 1931, wote walikuwa mbwa wachungaji wa Kijerumani. Baadaye Labrador, Golden Retriever na machotara wao ndio waliokuja kuwa wengi katika kazi hiyo, kwa sababu ile ile: wanangoja, wanasikiliza, hawang'ati. Kwetu husemwa kwamba ukicheza na mbwa atakufuata msikitini. Basi mwaka 2008, mjini Leicester, ilitolewa ruhusa ya kidini kwa kijana mmoja asiyeona kwenda msikitini na mbwa wake wa kumwongoza, mbwa akabaki sehemu maalumu aliyotengewa wakati wa sala.

Waliobaki nyumbani

Sasa turudi ufukoni tulikoanzia. Mbwa wa St. John's aliyehamia Uingereza alistawi na kuenea dunia nzima. Aliyebaki kwao alipungua. Mwaka 1780 Gavana Richard Edwards alikuwa amekwisha kuamuru kila nyumba iwe na mbwa mmoja tu, ili kondoo wapate kufugwa, na sheria za kodi na kondoo zilizofuata karne ya 19 zikawabana zaidi wenye mbwa. Uingereza nayo ilipoweka karantini kali kwa hofu ya kichaa cha mbwa, njia ya kwenda na kurudi ikafungwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mwandishi wa Kimarekani, Richard Wolters, aliwakuta mbwa wawili wa mwisho katika kijiji cha wavuvi cha Grand Bruit, kusini mwa kisiwa. Walikuwa wazee, na wote madume. Akawapiga picha. Baada ya hao hakuna tena. Mwaka 1992 Kanada ilipiga marufuku uvuvi wa kibiashara wa yule samaki kwenye maji hayo kwa kuwa alikuwa amekaribia kwisha, na mwaka 2010 wakazi wa mwisho wa Grand Bruit walihamishwa. Samaki aliondoka, mbwa aliondoka, na mwisho watu wenyewe.

Ndugu wasomaji, hatukuandika haya kwa ajili ya kuwasifu mabwana na fesanti wao. Tumeandika kwa sababu tulipokuwa tukisoma habari hizi, kila mara tulimkumbuka yule mzee wa Unguja ambaye hatukumwona. Miaka michache iliyopita tulimwuliza mjukuu wake, ambaye sasa ni mhandisi wa umeme na ana wajukuu wake mwenyewe, babu alikuwa akiwaitaje mbwa wake wakiwa porini? Aliwazuiaje wasikimbie kabla ya wakati? Alijua mlio mmoja tu wa mluzi, na majina mawili ya mbwa. Mengine, alituambia, alikuwa akiyasikia kila Jumapili utotoni na hakufikiri kuyaweka.

Wapo baina yetu hapa wenye wajomba na mababu wasasi ambao wangali hai, Unguja na kwingineko. Mkipiga simu nyumbani wiki hii, pamoja na kuulizana hali na habari za fedha zilizotumwa, waulizeni na hilo: mbwa huitwaje, huzuiwaje, hutumwaje, hupewa nini akishika. Andikeni kama walivyosema wao, kwa lahaja yao, kisha mtuletee. Tutayachapa katika matoleo yajayo, na jina la kila mzee litakuwepo.

Wasalaam.